Hakuna Kiwanja Kitupu

Wengi kati ya walimu wanachuo watakaosoma makala haya watapangiwa, mapema au baadaye, shule ambayo bado inajengwa. Shule zetu hazimaliziki kujengwa: leo choo, kesho chumba cha darasa, kesho kutwa nyumba ya mwalimu. Na kwa kuwa mwalimu ndiye anayedhaniwa kuwa hodari wa kuandika, yeye ndiye anayekabidhiwa fomu za ujenzi azijaze. Sisi wawili tulikabidhiwa fomu ya namna hiyo tukiwa katika mwaka wetu wa pili wa kazi. Palikuwa na mstari mmoja uliouliza juu ya hali ya kiwanja. Tuliandika maneno mawili tu: "Kiwanja kitupu." Makala haya yanahusu maneno hayo mawili, hasara iliyotokana nayo, na mbinu tuliyojifunza baadaye ya kuwafundisha watoto wasiyaandike kwa wepesi ule tulioyaandika sisi.

Kosa letu

Shule yetu ilikuwa katika mji mmoja wa kale wa pwani, wenye nyumba za mawe ya matumbawe upande wa bahari na nyumba za udongo na makuti upande wa bara. Darasa la Kwanza lilisomea chini ya mwembe, na mvua za masika zilipoanza halikusoma kabisa. Wazazi walikuwa wamekwisha kuchanga fedha, kuchoma chokaa na kupasua mawe. Lililobaki ni mahali pa kujenga. Nyuma ya shule palikuwa na uwanja mdogo ulioinuka kidogo, wenye majani mafupi na mbuyu mmoja mkubwa pembeni. Hapakuwa na nyumba, wala shamba, wala ua. Tulipoutazama hatukuona kitu ila nafasi.

Asubuhi moja, katika kipindi cha Maarifa ya Jamii, wanafunzi wa Darasa la Tano walielezwa kwamba chumba kipya kitajengwa mahali pale. Mtoto mmoja wa kike aliinua mkono akasema, "Mwalimu, bibi anasema pale pana wenyewe." Wenzake walicheka. Sisi tulikuwa wageni katika mji ule, na maneno yale tuliyasikia kama habari za mizimu. Mtoto alijibiwa kwamba shuleni si mahali pa ushirikina, akaambiwa akae chini. Hatutasema ni yupi kati yetu aliyemjibu hivyo, maana mwenzake alikuwa amesimama pale pale mlangoni, akayasikia yote, na asiseme neno.

Mafundi walianza kuchimba msingi siku ya Jumatatu. Siku ya tatu, mtaro ulipofika kina cha kiuno, sululu iligonga ukuta uliojengwa kwa mawe na chokaa. Kando ya ukuta huo palikuwa na makaburi, na mengi yake yalikuwa mafupi. Yalikuwa makaburi ya watoto. Kazi ilisimama kwa siku moja. Wazee wa mtaa waliitwa, mifupa ikakusanywa kwa heshima, ikafungwa katika sanda mpya, ikazikwa jioni mahali pengine. Kisha ukuta ulivunjwa na mawe yake yakaingia katika msingi wa darasa. Vigae na shanga zilizotoka mtaroni zilimwagwa pamoja na udongo ili kusawazisha njia ya kuendea chooni. Hakuna aliyepima, hakuna aliyechora, hakuna aliyeandika hata tarehe.

Jioni ile bibi yake yule mtoto alikuja. Tulidhani amekuja kutulaumu, tukajiandaa kujitetea. Alisimama kando ya mtaro kwa muda, kisha akasema, "Wanangu, mngeniuliza ningewaonyesha mpaka. Wenyewe wanaishia kwenye ule mkunazi. Kutoka pale kwenda kule hapana mtu, mngejenga mtakavyo." Baada ya yeye kuondoka tulipima kwa miguu. Kutoka mtaro wetu hadi kwenye mkunazi zilikuwa hatua 12.

Hapo ndipo tulipofahamu kwamba neno "wenyewe" halikuwa ushirikina. Lilikuwa neno la adabu la kuwataja wafu wa mahali pale pasipo kuwataja wazi. Yule mtoto alikuwa ametupa taarifa sahihi, yenye chanzo chake, kwa wakati wake, na bila malipo. Chuoni tulikuwa tumefundishwa kanuni ya kuanza na yale ambayo mwanafunzi anayajua, na katika mtihani tulikuwa tumeieleza vizuri. Siku ilipohitajika hatukuitambua. Mwaka ule wote mtoto yule hakuinua mkono wake tena darasani.

Maana ya kupima hazina ya kiwanja

Wataalamu wa akiolojia, yaani elimu ya kuchunguza maisha ya watu wa kale kwa mabaki yao, wana kazi ambayo hufanywa kabla ya ujenzi mpya mjini. Nayo ni kukadiria ardhi ya kiwanja imehifadhi nini. Kazi hii si uchimbaji. Aghalabu sehemu yake kubwa hufanyika mezani na kwa miguu, na hujibu maswali manne. La kwanza, ni mabaki gani yanayoweza kuwapo hapa? La pili, yako kina gani, na yamkini yamehifadhika au yamekwisha kuharibiwa? La tatu, yana thamani gani, na kwa nani? La nne, jengo linalokusudiwa litayadhuru kwa kiasi gani, na je, linaweza kusogezwa, kupunguziwa kina cha msingi au kubadilishwa umbo?

Kazi hii ni ngumu zaidi mjini kuliko shambani, kwa sababu mji hujijenga juu yake wenyewe. Nyumba ya udongo ikianguka husawazishwa na nyingine hujengwa juu ya kifusi chake. Majivu, makombe ya chaza na vyungu vilivyovunjika hutupwa uani mwaka hata mwaka, na ardhi huinuka kidogo kidogo. Watu wa baadaye huchimba visima, vyoo na misingi, wakayatoboa matabaka ya waliowatangulia. Kwa hiyo ardhi ya mji wa kale ni kama mikeka iliyotandikwa mmoja juu ya mwingine, kisha ikatobolewa mahali mahali. Anayetazama mkeka wa juu pekee hawezi kusema lolote la hakika juu ya ile iliyo chini.

Mfano wa jirani ni Mombasa. Mgeni akifika huko huonyeshwa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na huonyeshwa Mji wa Kale ulio karibu nayo. Ni rahisi kudhani kwamba ukale wote wa Mombasa umo katika sehemu hiyo. Lakini msafiri Ibn Battuta alifika Mombasa mwaka 1331, miaka zaidi ya 250 kabla ya ngome hiyo, akaukuta mji wenye watu na misikiti iliyojengwa kwa mbao. Mji huo ulikuwa wapi? Mwaka 1976 mwanaakiolojia Hamo Sassoon alichimba katika eneo la hospitali kuu ya mkoa, kaskazini ya Mji wa Kale, akapata mabaki ya makazi ya kale, ya karne nyingi kabla ya Wareno kufika. Matokeo ya kazi yake yalichapishwa mwaka 1980. Wagonjwa na wauguzi walikuwa wakipita kila siku juu ya Mombasa ya awali, na hakuna aliyeweza kuwalaumu kwa kutojua, maana juu ya ardhi palikuwa na hospitali tu.

Mfano wa pili unatoka mbali, lakini unawahusu Waafrika. Mwaka 1991 serikali ya Marekani ilianza kazi ya kujenga jengo la ofisi lenye ghorofa 34 katika sehemu ya kusini ya kisiwa cha Manhattan, jijini New York. Kabla ya kazi hiyo kiwanja kilichunguzwa kama ilivyotakiwa na sheria, na wachunguzi walisoma ramani za zamani. Ramani ya mwaka 1755 ilionyesha wazi kwamba mahali pale palikuwa na makaburi ya watu weusi. Hao walikuwa Waafrika na watoto wa Waafrika, wengi wao watumwa, ambao hawakuruhusiwa kuzikwa katika viwanja vya makanisa ya mji. Hivyo habari ilikuwapo na ilisomwa. Kosa lilikuja katika hatua iliyofuata. Ilidhaniwa kwamba majengo ya karne ya 19 na ya 20, yenye vyumba vya chini ya ardhi, yalikuwa yamekwisha kuyaharibu karibu makaburi yote.

Dhana hiyo haikuwa kweli. Zamani mahali pale palikuwa bondeni. Jiji lilipopanuka bonde lilijazwa kifusi, na katika sehemu nyingine kifusi hicho kilikuwa na kina cha meta 5 na zaidi, hata vyumba vya chini vya majengo ya baadaye havikuwafikia waliozikwa. Mifupa ilianza kuonekana wakati ujenzi umekwisha kupangwa, fedha zimekwisha kutengwa na wakandarasi wako kazini. Watu weusi wa jiji lile walipinga kwa nguvu, na mwaka 1992 uchimbaji ukasimamishwa. Hadi wakati huo mabaki ya watu 419 yalikuwa yamekwisha kuondolewa, na wengi miongoni mwao walikuwa watoto. Mabaki hayo yalichunguzwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Howard wakiongozwa na Michael Blakey, kisha yakazikwa tena mahali pale pale mwezi Oktoba mwaka 2003. Mwaka 2006 mahali hapo palitangazwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Jengo lilikamilika, lakini sehemu yake moja iliyokusudiwa kujengwa juu ya makaburi iliachwa.

Tulipozisoma habari hizi kwa mara ya kwanza tuliyakumbuka makaburi yetu mafupi. Hata hivyo mwalimu anapaswa kuona tofauti iliyopo. Kosa letu lilikuwa kutouliza kabisa. Kosa la New York lilikuwa kuuliza, kupata jibu, kisha kulipunguza uzito jibu hilo kwa dhana isiyojaribiwa. Kiwanja huweza kupotea kwa njia zote mbili. Kwa hiyo anayefundisha kazi hii hana budi kuwafundisha watoto mambo mawili: namna ya kuuliza, na namna ya kutenga wanachokijua na wanachokidhani.

Masomo matano

Miaka minne baada ya kosa letu shule ile ile ilitaka kujenga vyoo vipya, upande wa pili wa mbuyu. Tuliiomba kamati ya shule itupe wiki tatu kabla ya kuanza kuchimba. Darasa la Sita lilifanya kazi yote kwa masomo matano. Tunayaeleza hapa kama yalivyokuwa ili mwalimu mwanachuo aweze kuyarekebisha kwa mazingira ya shule atakayopangiwa.

Somo la kwanza lilikuwa kuuliza. Watoto walitumwa kwa wazee, lakini kwanza tulitunga maswali pamoja nao. Swali la "Je, pana mambo ya kale?" hujibiwa "Hapana," kwa kuwa mzee hajui mtoto anakusudia nini. Maswali yaliyozaa majibu yalikuwa ya kawaida: Mahali pale palikuwa pakiitwaje? Kwa nini hapakujengwa? Maji yalichotwa wapi kabla ya bomba? Kwa nini njia inapinda pale badala ya kwenda moja kwa moja? Bibi yule wa mkunazi alikuwa ameshafariki, na mengi aliyoyajua juu ya upande wa pili wa mbuyu alikuwa amekwenda nayo. Mjukuu wake, ambaye alikuwa amekwisha kumaliza Darasa la Saba, tulimwendea nyumbani sote wawili. Tulianza kwa kumwomba radhi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba alipokuwa mdogo bibi alimkataza kukimbia karibu na mbuyu upande wa magharibi, kwa kuwa palikuwa na kisima kilichofukiwa. Kesho yake alikuja shuleni akawaonyesha watoto mahali penyewe.

Somo la pili lilikuwa kusoma karatasi. Tulikwenda katika ofisi ya ardhi tukaomba kuonyeshwa ramani za mji, za wakati wa Wajerumani na za wakati wa Waingereza, tukazinakili kwa karatasi nyepesi. Darasani watoto waliziweka nakala hizo moja juu ya nyingine dirishani, mwanga ukapita, wakaona barabara iliyohama na msikiti uliotoweka. Mwalimu asiyepata ramani aanze na daftari la kumbukumbu la shule na picha za zamani zilizo katika nyumba za wazazi. Jambo la kusisitiza ni kwamba kila karatasi ina mwaka wake na mwandishi wake. Mchora ramani aliyekuja kupima mashamba huenda asichore makaburi.

Somo la tatu lilikuwa kutembea na kutazama. Tuligawa uwanja kwa kamba katika miraba ya meta 5 kwa 5. Watoto walitembea mmoja mmoja katika safu, macho chini, wakihesabu vigae, shanga, makombe na vipande vya chokaa vilivyokuwa juu ya ardhi. Waliviacha pale pale. Kigae kilichookotwa na kutiwa mfukoni hakisemi tena kilitoka wapi. Waliandika pia rangi ya udongo, maana udongo mweusi wenye majivu na makaa ni dalili ya watu kuishi, na wakaandika vilima vidogo, mabonde na miti. Mibuyu mikubwa kando ya makazi ya kale ya pwani ni jambo la kawaida, ingawa mbuyu peke yake si ushahidi wa kutosha.

Somo la nne lilikuwa kusoma ukuta wa shimo ambalo limekwisha kuchimbwa. Kila mji una mitaro ya mabomba na mashimo ya taka. Tulichagua mtaro mmoja usio na kina kirefu, watoto wakakaa mbali na ukingo, wakachora matabaka waliyoyaona. Kabla ya kwenda huko tulitumia kapu la karatasi taka la ofisini. Tuliwauliza: karatasi za Jumatatu ziko juu au chini? Wote walijibu chini. Kisha mmoja wetu aliingiza mkono hadi chini, akatoa karatasi ya Jumatatu na kuiweka juu. Je, sasa? Kwa zana hiyo isiyo na gharama walifahamu mambo mawili makubwa, kwamba la chini ni la zamani, na kwamba anayechimba huvuruga utaratibu huo.

Somo la tano lilikuwa kuandika ripoti. Ilikuwa na safu tatu: Tunayoyajua, Tunayoyadhani, Tusiyoyajua. Watoto waliijaza safu ya kwanza kwa haraka na ya pili kwa furaha. Safu ya tatu ilichukua vipindi viwili kamili, kwa sababu mtoto aliyezoea mitihani huona aibu kuandika asilolijua. Tuliwaambia kwamba safu hiyo ndiyo itakayomsaidia fundi kuliko zote, maana humwonyesha mahali pa kwenda polepole.

Watoto hawakuchimba hata shimo moja. Jambo hili tunalisisitiza sana. Nchini Tanzania Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kuchimba mabaki ya kale bila kibali, na nchini Kenya iko sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Shimo la majaribio ni kazi ya mtaalamu, ambaye ana ujuzi wa kuyasoma matabaka anapoyaondoa. Asiye na ujuzi huo huyaondoa tu, na tabaka likishaondolewa halirudi. Mwalimu akikuta mifupa au ukuta, asimamishe kazi, afunike, awaarifu wazee na wenye mamlaka, naye asubiri.

Swali la mzazi

Tulipowasomea kamati ripoti ya watoto, mzazi mmoja alisimama akauliza kwa uchungu, "Watoto mia tatu wana matundu manne ya choo, nanyi mnahesabu vigae?" Swali hilo lilikuwa la haki, na mwalimu atakayeifanya kazi hii lazima awe na jibu lake. Hatukumjibu kwamba mambo ya kale ni bora kuliko choo. Tulimjibu kwamba ripoti haisemi msijenge. Inasema msijenge upande wa magharibi wa mbuyu, palipo na kisima kilichofukiwa, na vigae vingi kuliko mahali pengine pote. Ilishauri vyoo visogezwe mashariki, ambako watoto walipata vigae vitatu tu katika miraba minane. Kusogeza kamba juu ya karatasi hakumgharimu mtu kitu. Kusogeza msingi uliokwisha kuchimbwa kunagharimu fedha za wazazi hao hao, na choo kilichochimbwa juu ya kisima cha kale huenda kikabomoka na watu wamo ndani. Mzazi yule alifikiri, akauliza kama upande wa mashariki upepo hautaleta harufu madarasani. Lilikuwa swali zuri ambalo sisi hatukulifikiria. Vyoo vilisogezwa mashariki, na kusini kidogo kwa ajili ya upepo.

Hatupendi kuwaficha walimu wanachuo kwamba ripoti ilikosea mahali pamoja. Watoto walikuwa wameona kilima kidogo chenye vipande vingi vya chokaa, wakaandika katika safu ya pili kwamba yamkini chini yake pana nyumba ya mawe iliyoanguka. Mmoja wa mafundi alipokiona alicheka. Kilikuwa mabaki ya tanuri ambamo wazazi walichoma chokaa ya darasa lile la kwanza, miaka minne tu iliyopita, na sisi wenyewe tulikuwapo. Watoto walicheka pia, kisha wakakifuta kifungu kile katika safu ya dhana na kukiandika upya katika safu ya yanayojulikana. Hakuna aliyefedheheka. Dhana ilikuwa imeandikwa kama dhana, kwa hiyo haikumdanganya mtu.

Neno kwa walimu wanachuo

Huenda wengine wakasema kwamba kazi hii inafaa pwani tu, penye magofu. Sivyo. Miji mingi ya bara ilikuwa na vituo vya misafara, masoko, boma, karakana za chuma, makaburi ya ukoo au kambi za kazi. Hata mtaa ulioanza juzi una kisima chake cha kwanza na mti wake wa mikutano. Mwalimu hahitaji gofu ili afundishe masomo haya matano. Anahitaji kamba, karatasi, kapu la taka na wazee walio tayari kuulizwa wakiwa bado hai.

Tena tunawaomba mlifikirie jambo moja la ualimu wenyewe. Siku mtakapoingia katika darasa geni mtakabidhiwa daftari la mahudhurio lenye majina arobaini au zaidi, na mtashawishika kuwaona watoto hao kama sisi tulivyouona ule uwanja wa nyuma ya shule. Mtoto anapoinua mkono na kusema neno ambalo hamkulitazamia, hasa neno alilolitoa kwa bibi yake, msilijibu kabla ya kuuliza maana yake. Swali la "Bibi alikusudia nini?" lingetuchukua sisi muda usiozidi dakika moja.

Chumba kile cha darasa kingali kinatumika. Paa lake limebadilishwa mara moja, na Darasa la Kwanza halinyeshewi. Hatujutii kwamba kilijengwa. Tunajutia hatua 12, na mambo yote yaliyokuwa katika ule mtaro ambayo sasa hayawezi kujulikana na mtu yeyote. Kila tunapojaza fomu ya ujenzi, mstari ule wa hali ya kiwanja tunauacha wazi mpaka tumekwisha kuuliza.